Ghorofa la Himaya Saba Kwenye Shamba la Mama Séverine

(Hotuba iliyosomwa Litapunga na Mheshimiwa Abednego Kashinje, Mwenyekiti wa Muda wa Kudumu wa Kamati ya Maandalizi ya Kituo cha Kimkakati cha Michezo ya Mkakati, siku ya kuweka jiwe la msingi. Maneno ya wananchi yamewekwa kwenye mabano kama yalivyosikika.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye taarifa nilizonazo ni kwamba yuko njiani na ataendelea kuwa njiani. Waheshimiwa viongozi mliokaa kwenye viti vyenye mito. Waheshimiwa viongozi mliokaa kwenye viti visivyo na mito. Makamanda wetu wa ulinzi wa sungusungu, ambao nawaomba fimbo mziweke chini kwa sababu hii ni hafla. Baba mchungaji, mama mchungaji na wanakwaya wote wa sauti zote. Stekiholda wa maendeleo mlio ndani ya kata na mlio nje ya kata. Ndugu zangu wakulima, ndugu zangu wafugaji, na ndugu zangu ambao ng'ombe wenu hivi tunavyoongea wako kwenye mashamba ya hao niliowataja kwanza. Vijana wetu wa kijiwe cha kuchaji simu. Wageni kutoka Kasokola na Kabungu mliokuja kwa bodaboda na matope bado mnayo. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye hakuzingatiwa basi ajizingatie mwenyewe ili tuendelee. (Vicheko. Makofi kutoka viti vyenye mito.)

Ndugu zangu Wasukuma, mwangaluka! (Mwangaluka!) Ndugu zangu Warundi, amahoro! (Amahoro!) Na wale wa Kiswahili peke yake, hamjambo? (Hatujambo! Sauti ya mama kutoka mbele: Mheshimiwa, mvua imeshaanza. Nipande au nisipande?)

Ahsante sana, Mama Séverine, nimekuona, swali lako nimelipokea, na litajibiwa ndani ya hotuba mahali pake panapostahili. Kwa faida ya wageni, huyu ndiye Mama Séverine, mmiliki wa shamba hili ambalo turubai letu limesimama juu yake, shamba ambalo mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia asilitie jembe msimu huu, kwa kuwa ardhi yake imechaguliwa na historia. (Mama Séverine: Nyie mlichagua, mimi sina lingine.) Na ndiyo uzito wa mchango wako, mama! Mtu mwenye mashamba matano akitoa moja hiyo si habari, ila mwenye moja akilitoa hilo hilo, hapo wataalamu wanasema kuna komitimenti. Mpigieni makofi. (Makofi machache. Mama Séverine hajapiga.)

Ndugu wananchi, niruhusuni sasa nizame kwenye mada, maana nimetumwa na kamati, na kamati ni mimi na wenzangu ambao leo wamepata udhuru. Kwa wale ambao simu zenu bado ni za kitochi, na hilo si kosa lenu, ni kosa la mazingira wezeshi, Himaya Saba ni mchezo. Unaingia kwenye simu, unapewa mji, unaujengea ukuta, unalea askari, unalima ngano ambayo haioti juani; na humo ndani unakutana na binadamu wengine wa kweli kabisa, wa Litapunga, wa Kasokola, wa nchi ambazo hata bendera zake hatujawahi kuziona, kila mmoja na mji wake, mnaungana, mnapelekeana chakula, mnalindana, halafu siku moja mnasalitiana, na huko kusalitiana ndiko kitaalamu tunakokuita mkakati. Hakuna anayeingia kwa jina alilobatizwa. Muuza mkaa anaweza kuwa malkia. Mimi, nikiweka unyenyekevu pembeni kwa dakika moja, ni Mtemi Radi wa Kwanza, Bwana wa Milima Miwili na Bonde Moja. (Vicheko virefu.) Msicheke, nina wapanda farasi wengi kuliko kaya za kata hii. (Vicheko zaidi.)

Sasa najua, na nisijifanye sijui, kwamba katika mkusanyiko huu wako watu waliokuja na vinyongo. Nimewaona. Masunga, wewe uliyekaa juu ya pikipiki, nimekuona tangu nashuka kwenye gari. Huyu Masunga, ndugu wageni, ndiye kiongozi wa umoja wa vijana wa Litapunga ndani ya Himaya Saba, kijana mwerevu, ila ana tatizo la kuchukulia mambo moyoni. Amekuwa akieneza maneno kuhusu mimi na ule mwano. (Sauti nyingi: Eeeh! Sema hapo! Hapo hapo!) Nitasema. Mimi si mtu wa kukwepa. Nitalisema kwa upana wake mpaka mtaniomba ninyamaze.

Mwano wote tunaujua, lakini wageni wasijeondoka na picha isiyo kamili. Ni ukelele wa hatari wa ndugu zetu Wasukuma, ambao sisi wengine tunaoishi nao tumeurithi kwa majirani. Ng'ombe wameibiwa, mtu amevamiwa nyumbani kwake, unapigwa mwano. Na aliyeusikia anaurudia kwa nguvu zake zote na kukimbilia unakotoka akiwa na chochote kilichokuwa mkononi. Huulizi nani. Huulizi kwa nini. Na haupigwi kwa mzaha. (Kweli! Haupigwi!) Sasa vijana wetu walipoanza kucheza Himaya Saba wakajiwekea kanuni yao, ambayo haimo kwenye mchezo, wameitoa hapa hapa kwenye kata: danganya utakavyo, sema una askari wakati huna hata mpishi, jiite padri, jiite mjane, ahidi ndoa kama inabidi, lakini ukipiga mwano kwenye kundi letu la simu, uwe umevamiwa kweli. Kanuni nzuri. Hata mimi niliiafiki, na nilinyoosha mkono. (Masunga: Mikono yote miwili!)

Yote miwili, sawa. Lakini, ndugu wananchi, kanuni yoyote lazima iende sambamba na mabadiliko ya tabianchi ya kisiasa. Siku ile mji wangu ulikuwa na njaa, na miji ya vijana wa Litapunga ilikuwa na ghala zimejaa, na mimi kama mtemi nina wajibu kwa watu wangu, ingawa watu wenyewe ni michoro. Nikafanya fizibiliti stadi ya haraka. Nikaona kwamba wakiombwa kistaarabu watatoa kidogo, wakivamiwa watajilinda, ila wakisikia mwano watatoka wote kuja kunisaidia na kuacha mageti wazi. Kwa hiyo nikarekodi mwano kwa sauti yangu, kama unavyotakiwa, kuanzia tumboni, nikautuma kwenye kundi. Mpaka hapo huo ulikuwa mkakati safi ambao ungeweza kufundishwa vyuoni.

Kilichotokea baada ya hapo hakikuwa kwenye masta plani. Pale kijiweni kwa Minza, binti anayechajia watu simu pale sokoni, simu moja ilikuwa imechomekwa kwenye spika kubwa ya muziki. Ni mchana, soko limejaa, watu wananunua dagaa. Mwano ukatoka kwenye spika. (Vicheko. Baadhi wanainuka kwenye viti.) Na nyie mkafanya kama mlivyolelewa! Wauza nyanya wakaacha nyanya. Wafugaji wakageuka na fimbo. Mwanakwaya mmoja, simtaji, alikimbia na kinanda. Jean-Marie, ambaye namwona hapo na bendeji, mtu wa amani, mtu wa maharage yake, alitoka shambani na jembe begani, akaruka mfereji ambao hakuwahi kuuruka tangu kuzaliwa, na hakuuruka vizuri. (Jean-Marie: Mpaka leo sikanyagi sawa!) Pole sana, Jean-Marie. Kata nzima ikaizunguka spika ikiwa na mapanga, spika ikawa inalia peke yake. Na wakati mnaitazama spika, mimi niko ndani ya Himaya Saba napita kwenye mageti yaliyo wazi, nachukua ghala moja baada ya jingine, na ninachoma, maana utaratibu unataka ukimaliza kuchukua uchome. Mji wa Minza ulikuwa wa kwanza kuungua. Ulikuwa mji mzuri sana, una bustani. (Mtu mmoja anasonya.)

Ndugu wananchi, msinisonye, nisikilizeni kwa jicho la kitaalamu. Mtu mzima hawezi kuitwa mwongo kwa maneno yaliyosemwa na mtu mwingine. Mimi Abednego Kashinje, mwana wa Kashinje, sijawahi kumdanganya mtu yeyote katika kata hii. Aliyedanganya ni Mtemi Radi. Na Mtemi Radi yule alivaa uhusika, na uhusika una haki zake: mwigizaji akiua kwenye tamthilia hapelekwi mahabusu. Utafiti wa kamati yangu, uliofanywa kwa mbinu shirikishi nikiwa nyumbani, unaonesha kuwa asilimia sabini na mbili ya uongo unaosemwa katika michezo ya mkakati ni uongo halali, asilimia ishirini ni uigizaji, na asilimia nane zilizobaki zilitumika kwenye chai. (Vicheko. Masunga: Mheshimiwa, sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya nani?) Ya Mtemi Radi. (Masunga: Mbona ilifanana na yako?) Nilimwazima koo. (Vicheko. Sauti ya mzee wa sungusungu: Na sisi tulikimbia kwa miguu ya nani?)

Hilo ni swali la kisera na linahitaji kikao chake. Nimesikia kwamba sungusungu wanataka kunitenga kwa mwano wa uongo, nisisalimiwe, nisiombwe chumvi, nisipewe moto. Mimi nawaambia, waheshimiwa makamanda, kabla hamjanitenga tazameni kwanza ninachowaletea, maana mtajikuta mmemtenga mtu aliyeshika maendeleo yenu. (Mama Séverine: Mheshimiwa, jirani zangu mahindi yameshaota. Yamefika hapa. Nipande?)

Mama, mahali pake pamekaribia. Naomba uwe na subira ya kitaasisi.

Baada ya ushindi ule, sifa zangu zilivuka mipaka ya himaya. Siku moja nikapokea ujumbe ndani ya mchezo kutoka kwa mtu mkubwa, Balozi Aurelio wa Bandari ya Theluji. Ninausoma kama ulivyo: "Ewe Mtemi Radi, sifa zako zimetufikia. Jenga ghorofa kubwa la mafunzo katika mji wako, utumie dhahabu yako yote bila kubakiza, nasi tutakuletea mafundi na hazina ifikapo msimu wa mvua." (Minongono.) Ndugu wananchi, nimefanya kazi na wafadhili, ninaijua lugha yao. Mfadhili hasemi wazi. Msimu wa mvua, kwa lugha ya fedha, ni robo ya pili ya mwaka wa fedha. Ghorofa la mafunzo ni kapasiti bildingi. Na Bandari ya Theluji, tazama ramani, theluji iko Ulaya. Kwa hiyo nilichokiona pale ni programu kamili ya kuijengea Litapunga kituo cha kisasa ambacho vijana wetu watafundishwa mkakati, uadilifu na matumizi ya kompyuta, na kama kiongozi sikusubiri mtu anishike mkono. Nilitafuta eneo lililo kando ya barabara, linaloonekana vizuri kwenye picha, nikaja kwa Mama Séverine. Alikuwa anatayarisha mbegu. Nikamwambia, mama, acha. (Mama Séverine: Ulisema wiki hiyo hiyo matofali yanakuja.) Nilisema. Na niliposema nilikuwa nimevaa suti, kwa hiyo lilikuwa tamko.

Sasa tufike kwenye utekelezaji, kwa sababu kuna watu wanapenda kusema ahadi ni nyingi, kazi haionekani. Takwimu hizi hapa. Ghorofa limefikia ngazi ya kumi na nne, na ukamilifu wake kufikia leo asubuhi ni asilimia tisini na sita. (Makofi kutoka viti vyenye mito. Sauti kutoka nyuma: Liko wapi?) Lina ukumbi wa mafunzo, lina chumba cha ramani, lina ghala la nafaka, lina mnara wa wapiga upinde upande wa mashariki, na zizi la farasi mia sita. (Sauti: Farasi?) Hiyo ni komponenti ya mifugo. Tusingeweza kuandika mradi wa mkoa wetu wa Katavi bila komponenti ya mifugo. Lina pia daraja la kunyanyua kwa minyororo, ambalo ni usalama wa kimtandao. (Sauti nyingi: Liko wapi, Mheshimiwa? Tuoneshe!)

Ndugu zangu, mnaniuliza liko wapi mkiwa mmesimama juu yake. Maendeleo hayatazamwi kwa macho haya ya kutazamia ng'ombe, yanatazamwa kwa dira. Mwenye dira akitazama hapa haoni udongo mtupu, anaona ngazi, anaona madirisha, anaona vijana wakiingia na vitambulisho shingoni. (Mama Séverine anasimama.)

(Mama Séverine: Mimi naona udongo. Mheshimiwa, nimenyamaza tangu ulipokuja kwangu. Watoto wamekula mbegu nusu kwa sababu ulisema hazina kazi. Nusu nimebaki nazo hapa kwenye kanga. Zikikosa mvua hizi, mwaka wote tunakula nini? Huo mnara unapikwa?)

Mama Séverine. Ahsante kwa mchango wako wa hisia. Mimi nina... hapa kwenye karatasi imeandikwa "cheka kidogo kisha endelea". Nadhani hapa sitacheka. Niseme tu kwamba kamati inatambua, na inaguswa, na itaendelea kuguswa.

(Masunga: Mheshimiwa, swali moja tu, kisha sisemi tena. Haya ya ghorofa unayotuambia hapa, unayasema kama Abednego au kama Mtemi Radi?)

Masunga. Nasema kama... Hilo ni swali la mtego, na mitego ya aina hii inajulikana. Kiongozi ana kofia nyingi. Kuna kofia ya kiutendaji na kuna kofia ya kimaono, na wakati mwingine upepo unavuma zinachanganyika. (Masunga: Tunataka kujua tu ni kofia gani ilikwenda kwa mama.) Umesema swali moja! Umesema ukishauliza husemi tena! Unaona, ndugu wananchi, huyu ndiye anayetufundisha uadilifu! (Vicheko, lakini si vya kumcheka Masunga.)

Naomba tusipoteze mwelekeo. Nimekaribia mwisho, na mwisho wa hotuba kama hii ni shukrani, na katika shukrani mimi huwa nalia kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Nawashukuru waliojenga turubai. Namshukuru mwenye jenereta, ambaye ameomba nimshukuru kabla halijazima. Nakishukuru kikundi cha akina mama waliopika, pilau nimeinusa. Na zaidi ya wote, kwa moyo mweupe, namshukuru mfadhili wetu, mtu ambaye bila yeye pasingekuwa na mradi, asingekuwepo mtu wa kusimama hapa, Mheshimiwa Balozi Aurelio wa Bandari ya Theluji, ambaye amenithibitishia jana kwa ujumbe kuwa leo atakuwa kati yetu. Naomba popote alipo asimame, tumwone, tumpigie makofi. (Watu wanageuka kutazama barabarani. Binti mmoja anasimama kati ya vijana wa kijiwe cha kuchaji simu.)

(Mheshimiwa, shikamoo.) Marahaba, Minza. Kaa kwanza, mama, tunamsubiri Balozi. (Minza: Balozi ni mimi.)

(Jenereta linasikika.)

Rudia. (Minza: Balozi Aurelio ni mimi. Ulipotuchomea miji kwa mwano wa uongo, nililia, sikufichi, ule mji nilikuwa nimeujenga tangu mwaka jana. Nikasema na mimi nitamdanganya, ila humo humo ndani ya mchezo, kwa njia za mchezo. Nikafungua jina jipya. Nikakuambia ujenge ghorofa umalize dhahabu yako, ubaki huna askari, halafu tuje tukuvamie. Mpango ulikuwa huo tu, Masunga anajua. Mimi nilijua tunacheza; hata jana uliponialika kwenye sherehe ya ghorofa nilidhani ni ya humo humo mchezoni. Sikujua kama umetoka na maneno yangu mchezoni ukaenda kumzuia mama wa watu kulima, nimejua leo hapa hapa nilipokuona kwenye shamba lake. Mama Séverine, nisamehe. Ningejua, ningekuja kwako siku ile ile.)

(Mama Séverine: Wewe binti hukuja kwangu na suti.)

Ndugu wananchi... ndugu wananchi, naomba utulivu... samahani, simu yangu inalia, niruhusuni, inaweza ikawa ni ofisi. (Masunga: Si ofisi. Ni sisi. Tumeingia kwa geti la nyuma.) Inasema hapa... inasema "mji wako unaungua". Inasema ghorofa, asilimia tisini na sita... sitini... Jamani, subirini, mnara wa mashariki! Masunga, sitisha! Zizi, zizi lina farasi mia sita ndani! (Vicheko mpaka watu wanashikana mabega. Mwanakwaya anakaa chini.) Asilimia kumi na moja. Sifuri.

Basi.

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa taarifa mpya iliyofika mezani wakati huu, na kwa kuzingatia misingi ya uwazi ambayo kamati yangu imekuwa ikiihubiri tangu kuanzishwa kwake, napenda kuutaarifu umma kwamba mradi huu, kwa maana halisi ya neno mradi, haujawahi kuwepo. Hakuna mfadhili. Hakuna fundi. Jiwe la msingi mnaloliona hapa chini ya kitambaa nimeliokota njiani leo asubuhi. Lakini, na hili naomba liingie kwenye kumbukumbu, utekelezaji wake ulikwenda vizuri sana. (Mzee wa sungusungu: Shuka.) Nashuka, mzee, nina kaulimbiu tu imebaki, hotuba haiwezi kwisha bila kaulimbiu, watu watasema sikujiandaa. Mkakati! (Kimya.) Mkakati oyee! (Mtu mmoja kutoka viti vyenye mito anasema "oyee" kisha anajifanya anakohoa.) Litapunga ya kidijitali! (Sauti: Jean-Marie, lete majembe kutoka kwako, kwako ndiko karibu!) Uadilifu kwanza! (Watu wanainuka. Turubai linaanza kukunjwa. Viti vyenye mito vinabebwa, na waliokuwa wamevikalia wanasimama.) Wabeja sana! Murakoze sana! Ahsanteni sana! Mwenyezi Mungu awa... jamani, kipaza sauti mnakipeleka wapi?

(Jenereta linazimwa. Majembe yanafika. Watu wanajipanga mstari mmoja kuanzia barabarani, Wasukuma na Warundi, vijana wa kijiweni kati yao, Minza pembeni ya Mama Séverine akimshikia kanga ya mbegu.)

Naona mmeamua kulima. Ni sawa. Ni wazo zuri, kamati inaliunga mkono kwa kauli moja. Na kama mngeniuliza mapema, ningeweza kuandaa hata maneno machache ya ufunguzi wa...

(Mama Séverine: Mheshimiwa, sogea. Tuta linapita hapo.) Hapa? (Hapo uliposimama.) Nimesogea. (Bado kidogo.) Hapa sawa? (Sawa.)

Mama Séverine. Nilipokuja kwako ile siku, sikuwa na matofali. Sikuwa na chochote. Nilipenda tu ulivyosimama kunipokea, ukafuta kiti kwa kanga. Nisamehe.

(Mama Séverine anampa jembe.)

Sasa hili, mama, nilishike kama nani?

(Mama Séverine: Kwa mikono miwili.)